Likisukumwa linawaka, kwa stata linagoma: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la petroli la mwaka 1986, giya za mkono, kabureta, distributa ya pointi. Asubuhi nikipiga stata kuna siku inatoa "ka" moja tu na kunyamaza. Siku nyingine injini inazunguka kivivu bila kushika, ingawa mara chache inashika pale pale ninapoachia ufunguo. Vijana wakilisukuma linawaka hapo hapo na kutembea siku nzima bila kusumbua. Nimeshanunua betri mpya na plagi nne mpya. Fundi mmoja anasema koili imekufa, mwingine anasema ni pampu ya mafuta. Usumbufu huu ulianza wiki chache baada ya kubadilisha klachi. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Jibu umeliandika mwenyewe, kwenye ile sentensi ya vijana kulisukuma.

Gari likisukumwa likiwa kwenye giya, ukaachia klachi, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na stata inabaki pembeni. Vingine vyote ni vile vile: koili ile ile (inayopandisha volti za betri ziwe moto wa plagi), pointi zile zile (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili), pampu ile ile, petroli ile ile iliyolala kwenye kabureta. Koili iliyokufa haifufuki kwa kusukumwa. Pampu iliyochoka nayo haitapata nguvu kwa sababu vijana wa mtaani wana misuli. Kama linawaka hapo hapo na kushinda barabarani siku nzima, basi moto wa plagi upo, mafuta yanafika na kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda, inatosha. Kilichokosekana wakati wa kusukuma ni kimoja tu: ule umeme mwingi unaovutwa na stata. Hapo ndipo pa kutafuta.

Stata ya injini ndogo ya silinda nne huvuta ampea 100 hadi 200 inapozungusha injini. Taa moja kubwa ya mbele huvuta kama ampea 4 hadi 5. Ndiyo maana mtu anaweza kuwasha taa, akaziona zinang'aa, honi inalia, redio inaimba, akaapa kwamba umeme uko sawa. Uko sawa kwa taa. Kiungo chenye kutu au boliti iliyolegea kinaweza kupitisha ampea 10 bila taabu kisha kikashindwa kabisa kupitisha 150. Piga hesabu: upinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuupima vizuri, ukipitisha ampea 150 unameza volti 1.5. Ukiwa omu 0.03, zimekwenda volti 4.5. Kati ya volti zako 12 stata inabakiwa na nini? Inatoa "ka" na kunyamaza, au inazunguka kama imelazimishwa.

Koili yako nayo inakula kwenye sahani hiyo hiyo. Stata inapovuta umeme kupitia njia mbovu, volti zinazofika kwenye koili zinaanguka, moto wa plagi unakuwa mwembamba na injini baridi haishiki. Sasa soma tena maneno yako: "inashika pale pale ninapoachia ufunguo." Ukiachia ufunguo stata inakatika, volti zinapanda ghafla, na injini bado ina mizunguko michache ya kasi iliyobaki. Ndani ya mizunguko hiyo koili inapata umeme wake kamili, inapiga moto mzuri, injini inashika. Fundi aliyesema koili hakuota, moto kweli ni hafifu wakati wa stata. Ila koili yenyewe haina kosa. Aliyesema pampu simwelewi.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni waya wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kati ya injini na bodi. Umesema matatizo yalianza baada ya kubadilisha klachi. Ili klachi ibadilishwe lazima giyaboksi ishuke, na kwenye magari mengi ya umri huo waya mnene wa ethi, mara nyingi ni utepe wa shaba uliosukwa, umefungwa kwenye boliti ya giyaboksi au ya injini upande mmoja, na kwenye bodi au chesisi upande wa pili. Giyaboksi ikirudi, utepe huo husahaulika kirahisi mno. Au unafungwa juu ya rangi, grisi na matope, boliti inakaza vizuri kwa mkono lakini umeme hauoni chuma. Wiki chache za unyevu zinatosha kuzalisha kutu hapo chini. Injini imekaa juu ya mipira ya maunti, kwa hiyo bila utepe huo haina njia nzuri ya kurudisha umeme kwenye betri, isipokuwa kama kebo hasi ya betri imefungwa moja kwa moja kwenye injini.

Hapo umeme hujitafutia njia ya kichochoro: kebo ya choki, kebo ya akseleta, waya wowote wa chuma unaogusa injini na bodi kwa pamoja. Mpe mtu apige stata kwa sekunde tano, kisha shika kwa tahadhari kebo ya choki pale inapoingia kwenye kabureta. Ikiwa ya moto wakati injini bado ni baridi, umeshamkamata mwizi. Nimeona kebo za choki zilizoyeyusha ganda lake la plastiki kwa sababu hii, na mwenye gari akanunua kebo mpya mara mbili kabla hajauliza ni nini kinachoziunguza.

Kabla ya mita, jaribu njia ya haraka. Chukua waya mmoja wa kubusti, ule mnene. Bana upande mmoja kwenye teminali hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na betri, feni na mikanda. Piga stata. Kama injini iliyokuwa inajikokota sasa inazunguka kwa nguvu na kushika, kazi imeisha: tatizo ni ethi. Fungua utepe, safisha ncha zake na pale zinapokaa kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu yake baada ya kukaza, si kabla. Kama haupo, weka mpya mnene. Waya mwembamba wa spika hautoshi.

Kama jaribio hilo halikubadilisha kitu, tafuta multimita, hata ile ya bei ya chini kabisa, uiweke kwenye volti za DC. Anza na betri imepumzika. Kama gari limetoka kutembea au betri imetoka kuchajiwa, washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri kidogo, ndipo upime. La sivyo mita itakudanganya kwa chaji ya juu juu. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na chini ya 12 usiendelee na vipimo vingine mpaka uichaji. Upya wa betri si ushahidi. Betri inaweza kukaa rafu ya duka miezi mingi na kuuzwa ikiwa imechoka, au altaneta yako haiichaji na inakufa polepole kama ile ya kwanza. Gari likishawaka, pima tena kwenye betri: injini ikiwa juu kidogo ya sailensa (mzunguko wake bila kukanyaga akseleta) unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5 hivi.

Sasa vipimo vyenyewe. Chomoa waya mwembamba wa umeme unaoingia kwenye koili ili injini izunguke bila kuwaka, hakikisha gari liko nyutro na breki ya mkono imekazwa, umpe mtu kazi ya ufunguo. Kila mara apige stata sekunde tano tu, kisha iachwe ipumzike kama dakika moja, maana stata huchemka haraka. Kwanza gusa vichwa vya betri vyenyewe, yaani ile risasi katikati, si klempu zake. Wakati stata inazunguka volti zisishuke chini ya 9.6. Zikiporomoka mpaka 7 au 8, betri ni mbovu au stata inavuta kupita kiasi.

Kisha weka ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ncha nyeusi kwenye boliti nene ya stata inayopokea kebo kutoka kwenye betri. Najua inashangaza kupima chanya kwa chanya. Unachopima hapo ni volti zinazopotea njiani. Wakati wa stata mita isizidi 0.5. Halafu ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri na nyekundu kwenye bodi ya stata yenyewe au chuma kisafi cha injini: isizidi 0.3. Ukikuta 2 au 3 upande wowote, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: kutoka kichwa cha betri hadi klempu, kutoka klempu hadi ncha ya kebo, na kadhalika, ukipiga stata kila mara. Pale namba inaporuka ndipo penye ubovu. Mara nyingi utaipata kati ya kichwa cha betri na klempu yake, mahali ambapo kila mtu anaangalia kwa macho na kusema "pamekaza". Umebadilisha betri juzi, kwa hiyo klempu zako za zamani zilizotanuka huenda hazibani vichwa vipya. Fungua, sugua ndani kwa brashi ya waya, rudisha. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, maliza na hasi. Sababu yake utaijua siku spana itakapogusa teminali chanya na bodi kwa pamoja.

Kebo nazo huzeeka kwa ndani. Ganda linaonekana zima, ukiikunja karibu na ncha unasikia inavunjika kama kijiti kikavu, na ukilichana unakuta shaba imegeuka unga wa kijani. Kebo ya namna hiyo haisafishwi, inabadilishwa.

Tuseme njia zote mbili ziko safi, betri inabaki juu ya 12, na bado unapata "ka" moja. Hapo ndipo stata inaingia lawamani. Ile "ka" ni solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, ikivuta na kusukuma giya ndogo kwenye fraiwili, lile gurudumu zito la injini. Kinachofuata ni sahani ya shaba ndani yake kuunganisha umeme mkubwa. Sahani hiyo ikiungua, au kaboni za stata (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka) zikiisha, "ka" inasikika na hakuna kinachozunguka. Mafundi wengi huigonga stata kwa mpini wa nyundo, ikawaka. Hilo ni jaribio zuri, kwa sababu mtikisiko huzirudisha kaboni zilizokwama mahali pake, lakini si matibabu. Ikiitikia kugongwa, ishushwe wiki hiyo hiyo. Na ikishushwa, ifunguliwe mbele yako kabla hujaambiwa ununue nzima: kaboni, bushi na sahani za solenoidi hubadilishwa kimoja kimoja. Bushi zikilika, sehemu ya stata inayozunguka husugua kingo za ndani, stata inavuta umeme mwingi na kuzunguka kivivu, hasa injini ikiwa ya moto.

Sauti zenyewe zinasema mengi, kwa hiyo zisikilize. "Ka-ka-ka-ka" ya haraka karibu kila mara ni betri iliyoishiwa au klempu mbovu: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Kimya kabisa, bila hata "ka", kinakupeleka kwenye waya mwembamba wa solenoidi, swichi ya ufunguo, fyuzi au relei, na kwa gari la otomatiki swichi ya nyutro. Jaribu kuliwasha likiwa N badala ya P. Washa taa kubwa usiku ukipiga stata. Zikififia karibu kuzima, umeme mwingi unavutwa au betri ni dhaifu. Zikibaki zinang'aa vile vile huku stata imenyamaza, umeme haufiki kwenye stata kabisa.

Kuna mshukiwa wa pili, na huyu hatajwi sana siku hizi. Magari mengi yenye pointi yana rizista ya balasti, ama kijiti cheupe cha kauri karibu na koili, ama waya maalumu uliofichwa ndani ya nyaya nyingine. Injini inapotembea, rizista hupunguza umeme wa koili hadi volti 6 hadi 9 hivi. Wakati wa stata, waya wa pili kutoka kwenye solenoidi au swichi hukwepa rizista na kuipa koili umeme wote wa betri. Waya huo ukikatika au ukisahaulika kurudishwa, koili inapata volti 5 tu wakati wa stata, pengine pungufu. Injini itazunguka hata kwa nguvu bila kuwaka, na itashika unapoachia ufunguo au ikisukumwa. Umeona inavyofanana na kisa chako? Na waya huo mwembamba mara nyingi umefungwa pale pale kwenye stata, ambayo nayo hufunguliwa klachi inapobadilishwa.

Kujua, rudisha waya wa koili, weka ncha nyekundu kwenye chanya ya koili, nyeusi kwenye ethi, piga stata. Unataka namba iliyo karibu sana na ile ya betri wakati huo huo, tuseme betri 10.2 na koili 9.8. Ikiwa betri ina 10 na koili ina 5, mtafute huyo waya. Kinyume chake pia kipo: gari likiwaka unaposhikilia stata na kuzima sekunde unayoachia, rizista imekatika au swichi ya ufunguo haipitishi umeme kwenye nafasi ya kutembea. Ndiyo sababu pia nakuonya kuhusu koili ya kununua ovyo. Koili iliyotengenezwa kwa balasti ina upinzani wa takriban omu 1.5 upande wa umeme mdogo, isiyo ya balasti karibu omu 3. Ukiweka ya omu 1.5 bila rizista utaunguza pointi na koili yenyewe. Ukiweka ya omu 3 nyuma ya rizista utapata moto dhaifu maisha yote.

Kwa walio na gari ambalo hata likisukumwa haliwaki, na stata inazungusha vizuri, safari ni tofauti. Anzeni na moto. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, laza chuma chake kwenye injini mbali na tundu la plagi na mvuke wa petroli, shika waya kwa koleo lenye mpira, piga stata. Unataka cheche ya bluu inayosikika ikipiga. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Hakuna kabisa: fungua kifuniko cha distributa utazame kama rota (kile kijipande kinachogawa moto kwa kila plagi) inazunguka, kama pointi zinafunguka na kufunga, kama nyuso zake zimeungua. Nafasi ya pointi kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.35 na 0.45, lakini fuateni ya gari lenu. Pointi zinazoungua kila baada ya muda mfupi kwa kawaida huwa na kondensa mbovu nyuma yake. Unyevu ndani ya kifuniko, hasa baada ya mvua au kuosha injini, unafutwa kwa kitambaa kikavu na gari linawaka bila kununua kitu.

Moto ukiwepo, nendeni kwenye mafuta. Injini ikiwa imezimwa, ondoeni kifuniko cha filta ya hewa, chungulieni kwenye koo la kabureta na kuvuta akseleta kwa mkono. Mnapaswa kuona mchirizi wa petroli ukiruka ndani. Usipoonekana, huenda chumba cha boya, yaani kibakuli cha petroli ndani ya kabureta, ni kikavu. Kama gari lilikaa wiki kadhaa, petroli ya chumbani huenda imekauka tu, na pampu ya mitambo inahitaji stata ya awamu mbili tatu ili kuijaza. Harufu kali ya petroli na plagi zilizolowa maana yake injini imezidiwa mafuta: kanyaga akseleta hadi chini, uishikilie hapo bila kupampu, choki ikiwa imerudishwa, upige stata. Hapo hewa inakausha silinda. Watu hupampu kwa hasira na kuizamisha zaidi.

Dizeli ya zamani haina moto wa plagi wa kutafuta. Yenyewe husumbuliwa na plagi za kupasha joto zilizoungua, hewa iliyoingia kwenye laini ya mafuta, na ile solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu, ambayo ukifungua ufunguo inapaswa kutoa mlio mdogo.

Na kama siku moja stata itaanza kuzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja laini bila zile pumzi za kupanda na kushuka, acheni kupiga stata hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye injini nyingi kila mzunguko wa ziada ni pistoni ikigonga vali. Fungueni kifuniko cha distributa, mtu apige stata mara moja kwa kugusa tu. Kwenye injini ambazo distributa inaendeshwa na kemshafti (mhimili unaofungua vali), rota isipozunguka hamna haja ya kupima kitu kingine.